Ulevi wa Mtu Asiyekunywa

Asumini hakupenda kupewa pole kabla ya msiba. Na asubuhi ile, tangu afungue mlango wa mkahawa wake pale Nyawera, kila aliyeingia alimshika mkono kwa mikono miwili, akatikisa kichwa, akampa pole kwa sauti ya matangani, kisha akaagiza chai.

Kisa chenyewe kilikuwa mumewe, Abdulhamid. Jana yake, adhuhuri ikikaribia, mkahawa umejaa, Abdulhamid alisimama na birika mbele ya Papa Bisimwa, muuza misumari na rangi wa ng'ambo ya barabara, mteja wao wa miaka na miaka. Bisimwa akasogeza kikombe. Abdulhamid akaanza kumimina chai mezani, pembeni ya kikombe, taratibu na kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayemwagilia mche. Chai ikatambaa mezani, ikamfikia Bisimwa mapajani. Bisimwa aliporuka na kupiga yowe, Abdulhamid alimtupia tusi la vijana wa stendi ya moto, zile pikipiki za abiria, tusi ambalo Asumini hakuwahi kulisikia kinywani mwa mumewe tangu amjue. Kisha akaketi sakafuni, jasho likimtiririka shingoni, akacheka peke yake.

Kufika jioni, Nyawera nzima ilikuwa na jibu. Aliyelileta ni Virginie, jirani aliyeuza ndizi na maparachichi karibu na mlango.

"Maman Asumini, usikasirike. Si miye niko nasema, ni bantu banasema."

"Wanasema nini?"

"Banasema muzee iko nakunywa kasiksi. Kwa siri."

"Abdulhamid, anywe pombe ya ndizi? Huyo hata ndizi iliyoiva sana haili, anasema inanuka pombe!"

"Njo maana nakupa pole, maman," alisema Virginie, akaondoka akiwa ameridhika.

Asumini alizaliwa Uvira, katika ukoo ambao mababu zake walifuata biashara kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika na hawakurudi tena. Alipoolewa na kuletwa Bukavu, miaka ya kwanza aliitumia kuwasahihisha watu Kiswahili. "Si 'muzee iko', ni 'mzee yuko'," aliwaambia wateja, nao walimcheka na kuendelea vile vile, mpaka siku moja akajisikia mwenyewe akisema "chai iko tayari, sukari iko mezani, bwana iko njiani", akaacha. Hasira zake zilikuwa karibu, na hakuzionea haya. Alikasirishwa na maji kukatika, na mteja anayekaa na kikombe kimoja mpaka alasiri, na mvua inayoshuka baada ya kuanika nguo.

Mumewe hakuwa hivyo. Abdulhamid alikuwa mpole kiasi cha kuudhi. Ujanani alikuwa akivuka Ziwa Kivu kwenda Minova kununua vitunguu na maharage, na huko watu walimpunja kwa sababu hakujua kupandisha sauti. Njia zilipoharibika na safari kuwa za mashaka, waliacha biashara ile wakafungua mkahawa. Asumini alikaanga sambusa na kugombana na wauza makaa, Abdulhamid alipika chai na kuwasikiliza watu. Wengi walikuja kwa ajili ya kusikilizwa kuliko chai.

Ugonjwa wa sukari ulimwingia zamani, binti yao Djamila akiwa bado anasoma, na Asumini ndiye aliyeukabili. Alifungia kopo la sukari kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Kila asubuhi alimpa mumewe kidonge cha kushusha sukari na kusimama hapo mpaka akimeze. Hata hivyo kile kimashine cha kutoboa kidole kilitoa namba za kutisha mwaka hadi mwaka, naye akazidi kukaza kamba. Kwa Asumini, sukari ilikuwa adui aliyekaa nyumbani, na adui huyo alikuwa na upande mmoja tu: kupanda.

Kisha Abdulhamid akaanza kukojoa damu. Walivuka mpaka hadi Kigali, picha ikaonyesha uvimbe katika figo la kushoto, figo likatolewa. Wakadhani yamekwisha. Mwaka uliofuata madoa yakaonekana kwenye mapafu, na daktari wa saratani wa huko akampa vidonge vya rangi ya chungwa viitwavyo sunitinibu. Alieleza kwamba dawa hii haiunguzi mwili mzima kama zile za saratani za kutundikwa kwa dripu. Inalenga njia za damu ambazo uvimbe hujichimbia ili upate chakula, inazifunga. Atameza wiki nne, atapumzika wiki mbili, kisha aanze tena. Akawaonya: viganja na nyayo zitauma, mdomo utapata vidonda, ngozi itaweza kuwa ya manjano, nywele zitabadilika rangi. Akamwambia pia kwamba, kwa kuwa ana kisukari, apime sukari mara kwa mara.

Yote yalikuja kama yalivyosemwa. Abdulhamid alitembea kama mtu aliyekanyaga makaa. Ndevu zake zilizoota wakati wa dawa zilitoka nyeupe, zilizoota wakati wa mapumziko zilitoka nyeusi, mpaka kidevu kikawa na mistari. Watu walikuja mkahawani kuzitazama. Mmoja aliomba kuzipiga picha, Asumini akamtoa nje na kikombe chake mkononi.

Sukari nayo waliipima. Hapo ndipo nyumba ilipopata furaha yake pekee ya mwaka ule. Kimashine, ambacho kwa miaka kilikuwa kinawagombeza, kilianza kutoa namba za mtu mzima wa afya. Asumini alizisoma mara mbili. Alimpigia Djamila simu Uvira kumwambia. Kwenye zahanati walikochukua dawa za sukari, muuguzi alimpongeza: "Mnajitahidi kabisa, muendelee tu vile vile." Wakaendelea vile vile. Vijikaratasi vya kimashine vilipoisha, hakuna aliyekimbilia kununua vingine. Nani hupima homa baada ya kupona?

Kidonge cha sukari Abdulhamid aliendelea kukimeza kila asubuhi, mkewe amesimama mbele yake. Chakula ndicho kilichomshinda. Vidonda vya mdomoni vilimfanya aache nusu ya bugali, na supu aliinywa kwa vijiko vya mtoto.

Basi, baada ya ile chai ya mezani, wakaja washauri. Wa kwanza alikuwa Kassim, mdogo wake Abdulhamid, muuza vipuri vya pikipiki, ambaye hajawahi kukosa la kusema. Alikuja na wazee wawili wa msikitini, wakaketi sebuleni, Abdulhamid katikati kama mwana aliyeiba.

"Kaka," alianza Kassim, "ugonjwa ni mtihani. Lakini mtu asikimbilie chupa."

"Sijakimbilia chupa," alisema Abdulhamid kwa upole.

"Watu wamekuona."

"Wameniona nikifanya nini? Mimi mwenyewe sikumbuki."

Wazee wakatazamana. Mtu asiyekumbuka alichofanya! Hayo ndiyo waliyoyataka. Wakamsomea nasaha ndefu, Abdulhamid akaisikiliza yote, akawashukuru, na upole huo ukamkera Asumini kuliko nasaha yenyewe. Walipotoka, Kassim alimvuta shemeji yake pembeni.

"Shemeji, kama si pombe, basi ile saratani imeshapanda kichwani. Uwaandae watoto."

"Kassim, chagua moja. Ni mlevi au ni maiti? Siwezi kulilia yote mawili kwa siku moja."

Lakini neno lile la kichwani lilimwingia. Alianza kumchunguza mumewe anapokula, anapovaa viatu, anapohesabu rakaa. Asubuhi alikuwa mzima. Kabla ya adhuhuri alibadilika: mara mkali, mara bubu, mikono ikitetemeka. Akila kidogo, anarudi katika hali yake. Jambo la ajabu ni kwamba wiki za mapumziko mambo yalipoa kabisa, Asumini akaanza kumshukuru Mungu, kisha dawa ikarudi na vituko vikarudi nayo. Alimpigia simu daktari wa Kigali. Msaidizi wake akasema mambo ya hasira na kuchanganyikiwa waanze kwa daktari wa karibu, picha ya kichwa itafanywa siku ya kurudi kliniki. Alikwenda zahanati ya sukari. Wakasema sukari yake ilikuwa nzuri, awaulize wa saratani. Alirudi nyumbani kwa miguu akisema peke yake barabarani, hata akajiambia sasa watu watasema wamemwona mlevi wa pili.

Halafu ikaja siku ya Muhumba. Abdulhamid alikwenda huko kumjulia hali rafiki yake, na saa moja baadaye simu ya Asumini ikalia. Sauti ngeni: "Maman, iko bwana yako hapa poste ya polisi. Tulimuokota barabarani, alivua viatu, anapangia magari njia. Amelewa."

Asumini aliacha mafuta jikoni yakiunguruma, akamwita Virginie ayatazame, akapanda moto. Njia nzima alitunga maneno. Alipofika alimkuta mumewe ameketi kwenye benchi, viatu vimefungwa vizuri, chupa tupu ya Fanta pembeni yake, akizungumza na polisi kuhusu bei ya vitunguu vya Minova.

"Asumini," alisema kwa aibu, "samahani. Nadhani nilipotea kidogo."

Polisi alikuna kichwa. "Maman, kweli, alikuwa mulevi kabisa. Akaanza kulia Fanta, Fanta, kama mutoto. Nikachoka, nikamununulia. Sasa iko muzima. Pombe gani hii inaisha haraka hivi?"

Asumini alipaswa kufurahi. Badala yake damu ilimchemka. Basi kumbe anaweza kuwa mzima akitaka! Kumbe vituko ni vya kuchagua! Na juu ya yote, Fanta, sukari tupu, miaka yote hii yeye amefungia kopo kwa ufunguo, leo polisi wa barabarani anamnywesha soda! Alimshukuru polisi kwa mdomo mmoja, na kwa mdomo ule ule akamgombeza mumewe kutoka Muhumba hadi Nyawera, yeye juu ya moto moja na Abdulhamid juu ya nyingine, akipaza sauti kila zilipokaribiana.

Hazikupita siku nyingi. Asubuhi moja Asumini alitoka kupokea makaa, akasahau ufunguo mlangoni mwa kabati. Aliporudi, Abdulhamid alikuwa amesimama jikoni, kopo kifuani, anajitia sukari mdomoni kwa kijiko, chembechembe zimemganda kwenye ndevu zile za mistari. Alikuwa analowa jasho.

"Baba Djamila!"

Hakuacha. Kijiko kingine.

Asumini alimnyang'anya kopo. Likaanguka, sukari ikatapakaa sakafuni, na Abdulhamid, mtu aliyekuwa hawezi kupandisha sauti hata kwa wapunjaji wa Minova, alianza kulia.

"Asumini, mwili unaitaka."

"Mwili wako unataka kukuua!" Alimketisha. Alifikiri juu ya kile alichokila, vijiko vingapi, na Fanta ya juzi, akaona namba za zamani zikipanda, macho yanapofuka, mguu unakatwa, hayo yote aliyotishwa nayo kliniki kwa miaka. Akachukua paketi ya vidonge vya kushusha sukari. Kimoja alikuwa amekwisha kumpa alfajiri. Akatoa cha pili.

"Meza."

Abdulhamid alimtazama, akafungua mdomo kama alivyoufungua kila asubuhi.

Wakati wa swala ya adhuhuri Asumini alimkuta chumbani, amelala ubavu juu ya mswala, macho wazi. Alimwita. Alimtikisa. Mkono wa mumewe ulianza kurukaruka, kisha mguu, kisha mwili wote ukakakamaa. Asumini alipiga kelele ambayo Virginie aliisikia nje. Kassim alikuja na gari la rafiki yake, wakambeba, wakashuka naye hospitali, Kassim akisoma Yasini kwa sauti na kupiga honi kwa wakati mmoja.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, wakimwita Docteur Chantal.

"Alikunywa pombe?" aliuliza akimfunua mgonjwa kope.

"Ndiyo," alisema Kassim.

"Hapana!" alisema Asumini.

Daktari hakungoja waelewane. Alikwisha kutoboa kidole. Kimashine hakikutoa namba. Kilionyesha herufi mbili tu, na daktari akaita muuguzi kwa sauti kubwa.

"Sukari imekwisha kabisa, hata mashine haiwezi kuihesabu. Leta glukosi, mbio!"

"Imekwisha?" Asumini alidhani amesikia vibaya. "Docteur, huyu ni mtu wa kisukari. Leo amekula sukari ya kopo, nimemwona kwa macho yangu."

"Kama hangeikula, maman, pengine ungemukuta amekufa."

Waliingiza dawa kwenye mshipa. Asumini alisimama pembeni ya kitanda, mtandio mdomoni. Mwili ulilegea kwanza. Kisha rangi ikarudi usoni, kisha Abdulhamid akafumba macho na kuyafumbua, kama mtu aliyeitwa kwa jina kutoka chumba cha pili, akauliza, "Nani anaangalia mkahawa?"

Kassim alikaa chini. Asumini alitoka nje kwenye varanda, akalia kwa hasira, akarudi ndani macho makavu.

Docteur Chantal alivuta kiti na kuuliza yote: dawa gani, tangu lini, anakula nini, anaharibika saa ngapi, anapona vipi. Asumini alieleza. Alipofika kwenye Fanta ya Muhumba, daktari aliweka kalamu chini.

"Alikunywa Fanta, akapona palepale?"

"Palepale. Nami nikamgombeza."

"Na wiki zenye hamezi vile vidonge vya saratani?"

"Anakuwa mtu. Docteur, kuna jingine. Leo nilimpa kidonge cha sukari mara mbili. Mimi mwenyewe. Nilidhani imepanda."

Daktari hakumwinulia nyusi. Alimpigia simu daktari wa Kigali, wakazungumza Kifaransa kwa muda, kisha akawaeleza. Ile dawa ya saratani, kwa watu wachache, hushusha sukari ya damu. Haitokei mara nyingi. Madaktari wengi hawatakutana nayo maishani. Kwa mtu asiyetumia dawa ya kisukari inaweza kupita bila kishindo. Lakini kwa Abdulhamid dawa mbili zilikuwa zinasukuma upande mmoja, tena figo limebaki moja tu, na kidonge cha sukari hakitoki mwilini haraka kama zamani, tena chakula chenyewe hakipiti mdomoni. Sukari ikianguka, ubongo unakosa chakula: mtu anatoka jasho, anatukana, anapepesuka, anacheka, anasahau. Anayemwona atasema amelewa.

"Zile namba nzuri," alisema Asumini polepole, "tulizozishangilia..."

"Zilikuwa njiani kushuka."

Hapo hasira ya Asumini ikapata pa kwenda. "Basi niambie, Docteur. Wa Kigali anatazama saratani. Wa zahanati anatazama sukari. Nikimpeleka kwa huyu anasema nenda kwa yule, nikienda kwa yule anasema rudi kwa huyu. Mimi nimeolewa na mtu mzima, sikuolewa na figo na sukari! Huyo mtu mzima anatazamwa na nani?"

"Uko na haki, maman," alisema Docteur Chantal, akavua miwani na kusugua macho. Alionekana amechoka.

Hawakuruhusiwa kuondoka siku ile, kwa sababu vidonge viwili vilikuwa bado vinafanya kazi. Jioni sukari ilianguka tena, serumu, ile dripu ya sukari, ikaongezwa. Abdulhamid alilala akiwa ameshika kidole cha mkewe, na alipoamka akamwona anamkodolea macho.

"Usijilaumu," alimwambia. "Ungenipa na cha tatu ningemeza. Mimi ndiye nimezoea kufungua mdomo bila kuuliza."

"Hilo ndilo linaloniudhi kwako," alisema Asumini. "Maisha yako yote huulizi!"

Waliporudi nyumbani, kidonge cha kushusha sukari kilisimamishwa, kile cha saratani kikaendelea. Ilibidi Abdulhamid ale kidogo kidogo mchana kutwa, apime kabla ya kula na kila anapojisikia vibaya, na atembee na vipande vya sukari mfukoni. Asumini ndiye aliyevinunua. Muuza duka alimwuliza ni vya nani, akajibu, "Vya mume wangu mwenye kisukari, na usiniulize zaidi."

Kulisafisha jina kulikuwa kazi nyingine. Alianza kwa Papa Bisimwa. Alivuka barabara, akasimama kati ya makopo ya rangi, akaeleza yote kwa pumzi moja. Bisimwa alisikiliza akipanga misumari.

"Mimi nilijua haikuwa pombe," alisema. "Mulevi hamwagi polepole vile. Mulevi anamwaga mara moja."

"Ulijua! Na mbona hukusema?"

"Ningekuambia wapi, maman? Tangu ile siku unapita mbele ya duka yangu unatazama juu, kama vile unatafuta ndege."

Ilikuwa kweli. Alikuwa akimkwepa kwa aibu. Bisimwa alirudi mkahawani kesho yake, akakaa meza ile ile, na Abdulhamid alimwomba radhi hadi Bisimwa akamwomba yeye anyamaze.

Kassim hakuomba radhi kwa mtu. Aliwasimulia watu msikitini kwamba tangu mwanzo alihisi ni dawa, na akawa anawafundisha wazee namna sukari inavyoshuka. Virginie alileta habari mpya: bantu walikuwa wanasema muzee Abdul alipewa sumu hospitali. Wiki iliyofuata bantu walibadilisha tena, wakasema kitu kibaya zaidi, yaani kwamba saratani imemponya kisukari.

Asumini alidhani ni mzaha mpaka wagonjwa walipoanza kuja. Walikaa, waliagiza chai bila sukari, walisubiri wateja wengine wapungue, kisha wakainama: eti kuna vidonge vya rangi ya chungwa vya kushusha sukari? Alimfukuza wa kwanza. Wa pili, Asumini alimwuliza kama na akili zake zimeshuka. Kilichomtia uchungu ni kwamba hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliochoka na kimashine kinachowagombeza, kama yeye alivyochoka, nao walisikia kuna mtu aliyesalimika.

Siku ya kliniki ya Kigali ilipofika, picha ilionyesha madoa ya mapafu yamepungua kiasi. Picha ya kichwa haikuwa na kitu. Daktari wa huko alipunguza dozi na kubadilishana namba na Docteur Chantal, na sasa wawili hao huandikiana wenyewe bila kupitia kwa Asumini. Wiki za mapumziko sukari hupanda, wiki za dawa hushuka, hivyo hakuna namba ya kuzoea. Abdulhamid naye amegundua faida yake. Mandazi yakitoka tu kwenye mafuta, anajishika kifua na kusema anahisi inashuka. Asumini humtoboa kidole kila mara, kwa sababu hathubutu tena kutomwamini, na mara nyingi haijashuka hata kidogo, naye anapiga kelele mpaka wateja wanacheka.

Jana alikuja mzee Léopold, mstaafu wa forodha, mguu mmoja umefungwa bandeji kwa kidonda cha kisukari. Hakunong'ona kama wengine. Alisema wazi anataka kidonge kimoja tu, ajaribu. Asumini alivuta kiti akamweleza: kwamba ni dawa ya saratani, kwamba inachubua mdomo na miguu, kwamba kushuka kule si kupona, kwamba mumewe alikakamaa juu ya mswala akakaribia kufa, kwamba kidonda kile kinahitaji hospitali leo, si kesho. Alieleza mpaka chai ya mzee ikapoa. Léopold aliitikia kwa kichwa kila neno, akionekana ameelewa sana.

"Basi nusu, maman?"

Asumini alishusha pumzi. Aligeukia jikoni. "Baba Djamila! Njoo uzungumze na huyu, mimi nimeishiwa."

Abdulhamid alikuja kwa zile hatua zake za kukanyaga makaa, akafuta meza, akamletea mzee chai nyingine ya moto. Kisha akaketi, akauliza mguu umeanza kuuma lini. Asumini alikwenda kuvua kitambaa chake cha jikoni na kumtafutia Léopold moto ya kumpeleka hospitali, na alipotoka mlangoni dereva wa kwanza alimwambia hapakii mtu mwenye bandeji, itamchafulia kiti; Asumini akamwita wa pili.